Sura ya Sita: Raba Yenye Alama 9.4 Itakufaa Nakuru?

"Mwalimu, hii imepewa 9.4 na watu mia tatu. Niagize?"

Yeyote anayefundisha tenisi ya meza hapa Nakuru amewahi kuulizwa hivyo. Kijana amesimama kando ya meza, jasho halijamkauka, simu mkononi. Kwenye kioo kuna picha ya raba nyekundu na nambari zake: kasi 9.5, mzunguko 9.6, udhibiti 8.9. Muuzaji ameziweka juu kabisa, hata kabla ya bei.

Bei yenyewe si ya mchezo. Raba za daraja la juu kama Tenergy ya kampuni ya Butterfly, iliyoingia sokoni mwaka 2008, huuzwa ng'ambo kwa zaidi ya dola 60 kipande kimoja. Raketi moja inahitaji vipande viwili. Hizo ni zaidi ya shilingi 15,000 kabla hujagusa gharama ya usafiri, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, na nauli ya kifurushi kwa matatu kutoka Nairobi. Kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton au kijana wa mtaa wa Kaptembwa anayeishi kwa vibarua, huo ni uamuzi wa miezi kadhaa ya kujinyima. Ana haki ya kupata jibu la maana.

Jibu langu ni hili. Alama za watumiaji zinaaminika kwa mambo machache yanayopimika kwa mizani, kwa rula au kwa kalenda. Kwa yale mambo matatu ambayo kila mnunuzi huyatazama kwanza, yaani kasi, mzunguko na udhibiti, alama hukueleza zaidi juu ya mtu aliyezitoa na mahali anapochezea kuliko juu ya raba yenyewe. Na sisi wa Bonde la Ufa la kati tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu, sababu ambayo muuzaji hawezi kuibandika kwenye picha: hewa yetu ni nyepesi.

Kwanza tuelewane

Raketi ya kununuliwa ikiwa tayari, ile inayoning'inia kwenye pakiti ya plastiki dukani, huja imeshabandikwa kila kitu. Mchezaji anayepanda ngazi huiacha na kuanza kujiundia raketi yake. Hununua ubao, yaani mbao pamoja na mpini wake. Kanuni za kimataifa zinataka angalau asilimia 85 ya unene wake iwe mbao ya asili. Kisha hununua raba, ile ngozi ya mpira inayoshika mpira wa kuchezea, ambayo kwa kawaida huja ikiwa imeunganishwa na sponji chini yake. Raba na sponji pamoja na gundi havipaswi kuzidi unene wa milimita 4.

Kasi ni jinsi mpira unavyoondoka upesi kwenye raketi. Mzunguko ni jinsi raba inavyoufanya mpira ujizungushe ukiwa hewani, ndipo ukapinda, ukazama au ukaruka kando ukigonga meza. Udhibiti ni uwezo wa kuuweka mpira pale ulipokusudia. Kumbuka neno hilo la mwisho, maana ndilo lenye matatizo mengi kuliko yote.

Maksai wa Plymouth

Kwa nini tulianza kuamini kwamba watu wengi pamoja huona sawasawa? Moja ya hadithi zinazotajwa sana ni ya mwaka 1906, katika maonyesho ya mifugo mjini Plymouth, Uingereza. Waliofika waliombwa wakisie maksai aliyesimama mbele yao atakuwa na uzito gani baada ya kuchinjwa na kusafishwa. Kila mmoja alilipa senti kidogo, akaandika kisio lake kwenye tikiti. Mtaalamu mmoja, Francis Galton, alizichukua tikiti 787 zilizosomeka, akazipanga kutoka ndogo hadi kubwa, akatazama ile iliyoangukia katikati. Ilisema ratili 1,207, kama kilo 547. Mizani ilisema ratili 1,198, kama kilo 543. Umati ulikosea kwa chini ya asilimia moja.

Mtu aliyewahi kuhudhuria maonyesho ya kilimo ya Nakuru anaweza kuiona picha hiyo bila shida: wachinjaji, wafugaji, watoto wa shule na wapita njia, kila mmoja na kisio lake, huyu akizidisha na yule akipunguza, na makosa yao yakifutana.

Ila tazama masharti yaliyofanya jambo hilo lifaulu. Wote walimtazama maksai mmoja. Kulikuwa na jibu moja la kweli, na mizani ya kulithibitisha. Na kila mmoja aliandika kisio lake kwenye tikiti yake, hakuwa na orodha ya visio vya wengine mbele ya macho.

Raba ya tenisi ya meza haitimizi hata sharti moja kati ya hayo.

Kila mtu na maksai wake

Chukua sharti la kwanza. Watu mia tatu walioipa raba yetu alama 9.4 hawakutumia kitu kimoja. Huyu aliibandika kwenye ubao laini wa mbao tupu, yule kwenye ubao mgumu wenye nyuzi za kaboni ndani. Huyu alinunua sponji ya milimita 1.7, yule ya milimita 2.1. Raba ile ile ikiwa kwenye ubao mzito wa kaboni hurusha mpira kama kombeo; ikiwa kwenye ubao laini, hutulia. Kwa hiyo alama unayoiona ni wastani wa raketi mia tatu tofauti, na huenda yako haimo.

Sharti la pili ni la jibu moja la kweli. Uzito wa maksai uko kwenye mizani. Udhibiti uko wapi? Mchezaji wa miaka 20 aliyefundishwa tangu utotoni ataipa raba ya kasi alama 9 ya udhibiti, kwa sababu mkono wake umeshatulia. Mtu aliyeanza mwaka jana ataipa 5 raba hiyo hiyo, na wote wawili wanasema kweli. Ukijumlisha kweli hizo mbili ukagawanya kwa mbili unapata 7, nambari isiyomhusu yeyote kati yao. Ndiyo sababu raba za bei nafuu zinazopendwa na wanaoanza, na raba ghali zinazotumiwa na mabingwa, mara nyingi hulingana katika safu ya udhibiti. Kila kundi limejipima lenyewe.

Hata nambari zinazoonekana kuwa za kitaalamu hazisemi lugha moja. Ugumu wa sponji hutajwa kwa digrii, na mnunuzi hudhani digrii ni digrii. Sivyo. Tenergy 05 ya Kijapani huandikwa 36. Raba nyingi za Kijerumani huandikwa 45 au 47. Hurricane 3 ya kampuni ya DHS ya China huandikwa 39 au 40. Anayezisoma nambari hizo kwa mpangilio atadhani ya Kichina ni laini kuliko ya Kijerumani, ilhali mkononi ndiyo ngumu zaidi ya zote tatu. Kila nchi ina kipimo chake. Kiwanda kimoja cha Ujerumani, ESN, hutengeneza raba zinazouzwa kwa majina ya kampuni nyingi tofauti, kila kampuni ikiziwekea nambari zake za kasi na mzunguko kwa namna inayoipendeza.

Sharti la tatu ndilo linalovunjwa waziwazi. Mtu anayetaka kutoa alama huona kwanza alama za waliomtangulia. Mwaka 2013 watafiti watatu, Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor, walichapisha jaribio walilolifanya kwenye tovuti ambamo watu hupigia kura maoni ya wenzao. Walichagua baadhi ya maoni kwa bahati nasibu, wakayapa kura moja tu ya kuunga mkono mara yalipoandikwa. Kura hiyo moja ya kwanza, isiyo na sababu yoyote, ilitosha kuyapandisha maoni hayo kwa asilimia 25 mwishoni. Sasa fikiria raba mpya ambayo wa kwanza kumi kuipa alama ni wadau wa kampuni iliyoitengeneza.

Kwa ufupi hadi hapa: umati huona vizuri pale wote wanapotazama kitu kimoja, kila mtu kivyake, na kikiwepo kipimo cha kuamua. Alama za raba ni wastani wa vitu tofauti, zimetolewa na watu walioona alama za wenzao, juu ya jambo lisilo na mizani.

Hewa ya Nakuru

Sasa tuingie katika jambo ambalo mnunuzi wa hapa analipia bila kuambiwa.

Mji wa Nakuru uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Naivasha iko karibu hapo hapo, Njoro iko juu zaidi, na Molo inakaribia mita 2,500. Kadiri unavyopanda, hewa inazidi kuwa nyepesi. Katika joto lile lile, hewa ya Nakuru ina uzito pungufu kwa takriban moja ya tano ukilinganisha na ya Mombasa. Wakimbiaji wanajua hilo kwa mapafu yao. Wachezaji wa tenisi ya meza wanapaswa kulijua kwa mipira yao, kwa sababu hakuna michezo mingi inayotegemea hewa kama huu.

Mpira wa tenisi ya meza una kipenyo cha milimita 40 na uzito wa gramu 2.7 tu. Ni mkubwa, mwepesi na mtupu ndani. Ukiruka kwa mwendo wa kilomita 36 kwa saa, mwendo wa kawaida kabisa kwa mchezaji wa klabu, nguvu ya hewa inayouzuia inakuwa kubwa kuliko uzito wa mpira wenyewe. Hewa ndiyo breki yake. Na hewa hiyo hiyo ndiyo inayoupindisha: mpira uliopigwa kwa mzunguko wa mbele, ule wachezaji wanaouita topspini, huzama mezani kwa sababu hewa inausukuma chini. Ondoa moja ya tano ya hewa, na umeondoa moja ya tano ya breki na moja ya tano ya msukumo huo.

Mezani jambo hili huonekana hivi. Topspini iliyopigwa Mombasa ikaangukia sentimita chache ndani ya ukingo, ikipigwa vile vile Nakuru hubaki juu kidogo, hufika upesi kidogo, na hupita. Mpigaji huona raba "inatupa mpira mbali". Mpinzani huona muda wa kujibu umepungua. Aliyezoea hewa ya hapa akishuka Pwani huona kinyume chake: mipira inazama mapema na kuishia wavuni.

Tenisi ya kawaida, ile ya uwanjani, imelikiri tatizo hili katika kanuni zake. Ina mipira maalumu kwa ajili ya mahali palipo juu ya mita 1,219, iliyotengenezwa ili isiruke kupita kiasi. Tenisi ya meza haina mpira wa milimani. Mpira wa Molo ndio mpira wa Lamu.

Mkulima wa Bonde la Ufa haanguki katika mtego huu kwenye shamba lake. Anajua mbegu za mahindi za safu ya 6, kama H614, ni za nyanda za juu, kwamba za safu ya 5 ni za mwinuko wa kati, na kwamba PH4 ni ya Pwani. Mkulima wa Kilifi akiisifu PH4 kwa moyo wake wote, wa Molo humsikiliza kwa heshima kisha ananunua mbegu ya kwao. Sifa ni ya kweli, ila ina mwinuko wake. Alama ya raba nayo ina mwinuko wake. Tofauti ni kwamba pakiti ya mbegu huandikwa.

Nyingi kati ya alama tunazozisoma kwenye simu zimetoka Ulaya, China na Marekani, kutoka kumbi zilizo chini ya mita 500, zenye sakafu ya mbao, milango iliyofungwa na hewa tulivu. Raba iliyopewa "kasi 9.5" huko itaonekana ya kasi zaidi hapa. "Udhibiti 8.9" wa huko utapungua hapa. Kwa mchezaji wa kiwango cha kati anayechezea Nakuru, naamini ni busara kushuka daraja moja la kasi kuliko lile ambalo alama zinampendekezea, na ikiwezekana achukue sponji nyembamba zaidi. Ushauri huo unatokana na hesabu ya hewa, na mtu yeyote anaweza kuupima kwa raketi mbili za kuazima.

Halafu kuna vumbi. Kuanzia Januari hadi Machi, kabla ya mvua ndefu, ukumbi wenye madirisha wazi hujaa vumbi jembamba kufikia saa sita mchana. Raba za Kichina zenye utando unaonata, zinazosifiwa kwa alama za juu kabisa za mzunguko, hulikamata vumbi hilo lote. Baada ya seti mbili zinateleza. Anayezitumia hapa lazima awe na sponji yenye unyevu ya kuzifutia kila mara, na karatasi laini ya plastiki ya kuzifunika baada ya mchezo. Kwenye ukumbi wa Düsseldorf, Ujerumani, hakuna aliyewahi kuwa na sababu ya kuliandika hilo.

Na meza zetu? Kanuni inasema mpira ukiangushwa kutoka sentimita 30 uruke takriban sentimita 23, sawasawa kila mahali juu ya meza. Fanya jaribio hilo kwenye meza ya shule yako. Kwenye meza za saruji mpira huruka sana. Kwenye plaiwudi iliyonyeshewa, kuna sehemu hauruki kabisa. Mtu anayechezea juu ya meza kama hiyo hawezi kuitambua tofauti ya raba ya 9.1 na ya 9.4. Shilingi elfu kumi na tano zingemfaa zaidi zikichangwa na wenzake kununua meza.

Alama huzeeka

Tenisi ya meza imebadilisha vifaa vyake mara nyingi, lakini alama za zamani hubaki zikihesabiwa pamoja na mpya.

Mwaka 2000 mpira ulikuzwa kutoka milimita 38 hadi 40. Mwaka 2008, baada ya Olimpiki ya Beijing, gundi zenye viyeyusho zilipigwa marufuku. Gundi hizo zilikuwa zikiifanya sponji ivimbe na kuongeza kasi, kwa hiyo raba ya zamani iliyosifiwa kabla ya hapo ilikuwa ikisifiwa pamoja na gundi yake. Mwaka 2014 mpira wa seluloidi ulianza kuondolewa, ukaja wa plastiki, ambao hauruki wala haujizungushi sawasawa na ule wa kwanza.

Raba kama Sriver na Mark V, zilizozaliwa miaka ya 1960, zimepitia mabadiliko yote hayo. Wastani wake umechanganya wachezaji walioishi katika michezo karibu mitatu tofauti. Ukiona alama, tafuta tarehe. Ya kabla ya 2014 isome kama historia.

Ni nani hasa huandika?

Mtu aliyejinyima miezi mitatu kununua kitu hapendi kukiri kwamba alikosea. Aliyekipenda sana huandika, aliyekichukia sana huandika, na yule aliyeona ni cha kawaida hanyanyui simu. Ndiyo maana nyota tano hujazana juu, nyota moja kiasi chini, na katikati hubaki patupu. Isitoshe, wengi huandika juma la kwanza, raba ikiwa mpya, inanata na inang'aa. Ni wachache wanaorudi baada ya miezi minne kusema imekufa.

Kwenye programu za kununulia vitu tunazotumia hapa kwetu kuna jambo jingine. Fungua maoni ya raketi yoyote ya bei nafuu, uyasome yale ya nyota tano. "Imefika haraka, asante." "Rangi kama kwenye picha." "Mletaji ana adabu." Hizo ni alama za boda na za pakiti. Mchezo haujaanza.

Mwaka 2016 watafiti walilinganisha nyota za wanunuzi na matokeo ya wapimaji huru wa maabara kwa bidhaa 1,272 za aina mbalimbali. Mambo hayo mawili yalikubaliana kwa kiasi kidogo sana, na bidhaa za majina makubwa na bei kubwa zilielekea kupewa nyota zaidi kuliko ubora wao ulivyostahili. Bei hujipigia kura.

Wapo pia wanaolipwa kusifu. Marekani ilitunga kanuni ya kupiga marufuku maoni bandia mwaka 2024. Hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa, na Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa haki ya kupata habari anazohitaji. Lakini raba bandia iliyowekwa kwenye pakiti inayofanana na halisi itatumia alama za ile halisi, na sheria haitakuwapo siku unapofungua kifurushi.

Neno moja kuhusu muhuri wa ITTF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, unaouona chini ya raba karibu na mpini. Wengi hudhani ni cheti cha ubora. Muhuri huo husema raba inaruhusiwa mashindanoni, basi.

Watu wanne na watu mia sita

Hesabu kidogo itakuokoa. Tuseme Raba A ina alama 9.8 kutoka kwa watu 4, na Raba B ina 9.1 kutoka kwa watu 600. Orodha itaiweka A juu. Usikubali. Kila raba ipe watu 20 wa kufikirika walioipa alama ya kawaida, tuseme 8.5, kisha uhesabu upya. A inashuka hadi karibu 8.7. B inabaki karibu 9.1. Watu wanne hawana uzito wa kuwashinda wale 20. Mia sita wanao. Nambari 20 si takatifu, unaweza kutumia 10 au 30. Muhimu ni kutoruhusu sauti nne zipige kelele za umati.

Kisha jiulize kama tofauti iliyobaki ina maana yoyote. Karibu kila raba inayojulikana hupewa kati ya 8.5 na 9.5. Wengi hawatoi 5 hata kwa kitu kibovu. Ukiona mizani ya kumi inatumia sehemu moja tu ya juu, ujue tofauti ya 0.3 ni hali ya hewa ya siku ile.

Yanayofaa kuaminiwa

Nisingependa uondoke ukidhani maoni yote ni upuuzi. Yapo mambo ambayo umati wa watumiaji huyajua kuliko kampuni, nami huyasoma kwa makini:

- Uzito. Watu huweka raba kwenye mizani ya jikoni na kuandika gramu. Kampuni nyingi hazisemi.
- Uhai. Wakisema kumi kwamba kingo zinachanika baada ya miezi miwili, zitachanika.
- Kasoro za kiwanda: sponji yenye viputo, mpini unaolegea, ubao uliojipinda.
- Ulinganisho wa mtu mmoja. "Nilitumia Mark V mwaka mzima, hii ni ngumu zaidi na mpira unatoka chini zaidi." Sentensi hiyo ina thamani kuliko nambari ishirini, kwa sababu maksai ni wawili, lakini jicho ni moja.

Katika maoni yote, soma kwanza ya nyota tatu. Aliyeyaandika alikipenda kitu kidogo na kukichukia kidogo, kwa hiyo alilazimika kueleza.

Jaribio la raketi mbili

Kabla ya kutuma pesa, tafuta katika klabu au shule za jirani mtu mwenye raba unayoitaka, au inayokaribia. Wachezaji wa mji huu ni wachache na wanajuana; ukiuliza ukumbini kwa adabu, mtu atakuambia nani anayo. Mwombe jioni moja. Kisha fanyeni hivi: rafiki afunike nembo za raketi zote mbili kwa utepe, ya kuazima na yako. Tumieni mpira mmoja na meza moja. Piga topspini 30 kwa kila raketi, ukibadilisha kila baada ya 10, naye ahesabu zilizotua mezani. Piga mipira 20 ya kuanzishia, ahesabu tena. Uandike unachohisi kabla hujaambiwa hesabu. Mikono miwili inayofahamiana na raketi zake haidanganyiki kabisa kwa utepe, uzito na mpini vitakusaliti, lakini hesabu ya mipira iliyotua haijui bei ya raba yoyote.

Ikiwa raba ya 9.4 imetua mara 17 na ya kwako kuukuu mara 24, umepata alama unayoweza kuiamini.

Sasa nina ombi kwa vilabu, kwa walimu wa michezo na kwa wachezaji wa Nakuru, Gilgil, Naivasha, Njoro na Molo. Fungueni daftari. Kila anayebadilisha raba aandike jina la raba na unene wa sponji, ubao alioibandikia, tarehe aliyoibandika na tarehe iliyokufa, ukumbi anaochezea, aina ya mpira, na mwinuko wa mji wake. Aandike pia amecheza kwa miaka mingapi, ili mwenzake ajue anaongea na mkono wa aina gani. Msiweke nambari ya kumi kwa kumi. Wekeni sentensi tatu. Kurasa hizo zitazeeka nazo, ila zitakuwa zimeandikwa katika hewa hii, juu ya meza hizi, na watu tunaoweza kuwauliza swali la pili. Anza na raba iliyo kwenye raketi yako leo.